Asiransi ya pikipiki si karatasi ya polisi



Tangu mavuno ya mpunga, vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja: "Ninyi mko na pikipiki ya chama. Na sisi tumeweka feza kidogo. Tununue ya okazio, ao tungoje mpaka tupate mpya?" Kila mara tunajibu kwa haraka sokoni, nusu nusu, mmoja anasema hivi na mwingine vile. Juma hili tumekaa wote, na mwalimu kati yetu ameshika kalamu. Hatutaficha kitu, hata kile kinachotutia haya.

Sisi ni wamama 12. Wengine tunafundisha, wengine tunauza mawese na mchele, mmoja anashona. Tulianza na likelemba ya kawaida: kila mmoja anatoa kila juma, na kila juma mmoja anabeba. Baada ya miaka miwili tukaona kwamba kila anayebeba anamaliza sehemu kubwa ya feza kwa kulipa usafiri. Mtu akitoka Kasongo kwenda Kabambare kutafuta karanga na mchele, ni zaidi ya kilomita 100, na wakati wa mvua njia inakuwa matope matupu. Magari ni machache. Pikipiki ndiyo gari yetu, ndiyo lori yetu, na usiku mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, ndiyo ambulansi yetu. Tukasema: badala ya kulipa ya watu, tununue yetu.

Tulinunua ya okazio, pikipiki ya 125, kwa dola 450. Mwenye kuiuza alikuwa anahama. Rangi ilikuwa nzuri, kiti kilikuwa kimeshonwa upya, na injini iliwaka kwa teke moja. Tulipiga vigelegele. Hakuna kati yetu aliyeuliza kwa nini injini ilikuwa tayari na moto tulipofika. Baadaye fundi alituambia: "Wamama, pikipiki ya zamani mnaenda kuiangalia asubuhi, ikiwa baridi. Muuzaji akikuta mnakuja mchana, ameshaiamsha na kuifuta jasho." Kwa kweli, kesho yake asubuhi ilitaka mateke saba, na moshi wa buluu ukatoka nyuma. Moshi wa buluu maana yake injini inakula mafuta yake yenyewe.

Makaratasi nayo tuliyapokea kama mtu anayepokea barua bila kuifungua. Karte roze ilikuwa na jina la mtu wa kwanza, ambaye si hata yule aliyetuuzia. Vinyeti ilikuwa imepita mwaka. Asiransi ilikuwa imekufa miezi mitano kabla. Tukasema tutatengeneza polepole, kwanza pikipiki ifanye kazi.

Ikafanya kazi. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa furaha. Tulimpa kijana wa mtaa wetu kazi ya kuendesha, motari mpole, asiyekunywa. Kila jioni analeta feza, Mama Kesiye anaandika. Tulinunua mabati ya mwenzetu mmoja. Tulilipia watoto masomo. Mwezi wa kumi na mmoja tukakaa kuhesabu, kwa sababu mwezi wa kumi na mbili ni wakati wa kugawana. Hapo motari akaja, akasimama mlangoni, akasema: "Wamama, freni ya nyuma imechoka. Nakanyaga mpaka chini ndipo inashika."

Tukamwambia: "Vumilia majuma mawili, mwanetu. Tukigawana kwanza, tutanunua."

Mama mmoja kati yetu aliuliza tena habari ya asiransi. Tukamjibu kwamba asiransi ni ya kuonyesha kwenye barieri, na motari wetu anajulikana, hawamsimamishi. Maneno hayo tuliyasema sisi wenyewe, kwa sauti zetu, na yameandikwa katika kitabu cha mkutano. Hatujayafuta.

Siku ya nane, saa sita mchana, watoto walikuwa wanatoka masomo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Motari alikuwa anashuka kilima na mifuko miwili ya mchele nyuma. Mtoto akakimbia kufuata mpira. Motari akakanyaga freni, freni ikaenda mpaka chini, na haikushika.

Mtoto alivunjika mfupa wa mguu, chini ya goti. Alikuwa na miaka minane. Alikuwa mwanafunzi wa mmoja wetu, anakaa benchi la pili, karibu na dirisha.

Mama yake anauza ndizi za kukaanga pembeni ya barabara. Tulimkuta hospitalini amekaa chini, kitenge kimelowa matope. Tulitegemea atupigie kelele. Angetupigia, ingekuwa nafuu. Alisema tu: "Mama Mwalimu, sina neno na kijana. Nauliza tu: mguu huu, ni nani atautunza?"

Hatukuwa na jibu. Pikipiki ikachukuliwa na polisi. Motari akalala huko siku mbili. Tukaitisha mkutano usiku, kwa taa ya simu, na kwa mara ya kwanza tukafungua makaratasi yote na kuyasoma mstari kwa mstari. Hakukuwa na asiransi. Na kwa kuwa karte roze haikuwa na jina letu, kwanza ilibidi tuhakikishe kwamba pikipiki ni yetu, ndipo tukubaliwe kuwa tuna deni. Fikirieni hilo: kutafuta mashahidi ili uruhusiwe kulipa.

Tuliketi na familia mbele ya shefu wa mtaa. Walitupokea kwa utu ambao hatukustahili. Tulilipa matibabu, plastere, dawa, chakula cha mgonjwa na cha anayemtunza, na biashara ya ndizi iliyosimama kwa muda wote mama alipokuwa hospitalini. Yote pamoja, dola 380. Feza ya kugawana ikaisha. Wawili wetu waliuza mbuzi. Mmoja alimwambia bwana yake ukweli na mwingine hakumwambia, na ule uongo ukazaa ugomvi wake. Mtoto alikosa masomo miezi mitatu. Mwalimu alikuwa anampelekea daftari nyumbani jioni. Aliporudi, alirudi na fimbo, na darasa zima likanyamaza alipokuwa anapita kwenda benchi lake.

Mambo tuliyojifunza baada ya hapo ndiyo tunayowaandikia leo.

La kwanza ni asiransi. Tulikwenda kuuliza, tukaeleweshwa. Katika nchi yetu, sheria ya tarehe 5 Januari 1973 inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa na asiransi ya kulipia madhara anayowaletea wengine. Imeandikwa "wengine": asiransi hiyo ya lazima haimlipi mwenye pikipiki, wala haitengenezi pikipiki yako ikivunjika. Inamlipa yule uliyemgonga. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya SONAS peke yake, mpaka sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ikafungua mlango, na tangu 2019 kuna makampuni mengine pia yaliyopewa ruhusa. Kwa hiyo mtu akija na karatasi ya asiransi, muulize ni ya kampuni gani, iko na ruhusa, ofisi iko wapi. Lipa ofisini, chukua risiti. Usilipe kwa mtu wa barabarani.

Wamama wa vikundi, tunaielewa asiransi kwa kuilinganisha na sanduku zetu. Likelemba, kila mmoja anatamani zamu yake ifike. Lakini vikundi vingi viko na sanduku la pili, lile la kusaidiana, la msiba na ugonjwa. Katika lile, kila mmoja anatoa akiomba zamu yake isifike kamwe. Asiransi ni sanduku hilo la pili, ila ni kubwa sana, na wanaotoa ndani yake hawajuani. Mwaka ukipita bila ajali, msiseme feza imepotea. Ilikuwa inamlinda mtoto wa mtu mwingine, na mtoto wenu alikuwa analindwa na feza ya mtu mwingine.

Mkipokea karatasi ya asiransi, msiikunje na kuiweka. Someni mambo manne. Namba ya shasi iwe ileile iliyo kwenye pikipiki. Tarehe ya mwisho iandikwe ukutani mwa nyumba ya Mama Kesiye, kwa maandishi makubwa. Jina liwe la mwenye pikipiki wa kweli. Na angalieni aina ya kazi: kama pikipiki inabeba watu na mizigo kwa malipo, karatasi iseme hivyo. Ukiandikisha kwamba ni ya matembezi ya nyumbani huku inafanya teksi, siku ya ajali utapata shida. Na ajali ikitokea, mpeleke mgonjwa kwanza hospitalini, kisha polisi waandike, kisha mtoe habari kwa asiransi bila kukawia. Chungeni risiti zote za hospitali.

La pili ni jina. Tulipokwenda kugeuza karte roze, watu walituambia tuandike jina la bwana wa mmoja wetu, "ili iwe rahisi". Wengi mnajua neno hilo. Zamani lilikuwa na mizizi katika sheria: Kodi ya Familia ya 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kujifunga kwa mkataba. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo, ikaweka makubaliano ya wote wawili, bwana na bibi. Kwa hiyo tuliongea na mabwana zetu nyumbani, mmoja mmoja, kwa heshima, wakakubali. Na pikipiki ikaandikwa kwa jina la Mama Prezida wetu, na barua ya chama yenye sahihi zetu 12 ikieleza kwamba yeye anaichunga tu, si mali yake peke yake. Barua hiyo tumeifanya nakala tatu. Prezida akibadilika, ao Mungu akimwita, watoto wake na sisi hatutagombana.

La tatu ni kontrole. Tuliogopa kontrole tekinike kama watoto wanavyoogopa sindano. Tulifikiri ni njia nyingine ya kutoa feza. Kwa pikipiki ya zamani, tumekuja kuona ni mtihani wa mwisho wa mwaka, na mwanafunzi anayesoma kila siku hauogopi. Wanaangalia taa ya mbele na ya nyuma, taa za kugeukia, klakso, freni, pine, namba ya shasi. Basi sisi tukajiwekea mtihani wetu mdogo kila siku ya posho, kabla ya mkutano. Pikipiki inakuja chini ya mwembe, na mama wawili wa zamu wanaikagua pamoja na motari. Mwanzoni vijana walitucheka. Sasa wamotari wengine wanaleta zao tuziangalie.

Mambo tunayoangalia ni haya, na hata asiyejua kuendesha anaweza kuyaona.

Freni kwanza. Mmoja anasukuma pikipiki ikiwa imezimwa, mwingine anakanyaga freni ya nyuma, kisha anabana ya mkono. Gurudumu lisimame palepale. Kama pedali inashuka mpaka chini, pikipiki hailali barabarani tena, inalala nyumbani.

Kisha shene. Ishike katikati, upande wa chini, iinue na kuishusha. Icheze kama sentimita 2 mpaka 3. Ikilegea sana itaruka na kufunga gurudumu, ikikazwa sana itakatika. Vumbi letu jekundu linaila shene, kwa hiyo tunaipangusa na kuipaka mafuta kila juma.

Kisha pine na reyoni. Kama mistari ya pine imefutika, matope ya njia ya Kabambare hayatasamehe. Reyoni tunazigonga na kijiti moja moja. Iliyokazika inalia, iliyolegea inanyamaza.

Kisha mafuta ya injini. Injini ya 125 inabeba karibu lita 1 tu, ni kidogo, na injini iliyochoka inayapunguza. Tunaangalia kiasi kila juma, na tunafanya vidanji kila mwezi, kwa sababu vumbi na mizigo ni vingi. Mafuta yaliyotumika hatuyarudishi kwenye pikipiki nyingine, hata yakionekana bado mazuri.

Kisha filtri ya hewa, ambayo wengi wanaisahau. Ikijaa vumbi, injini inakosa pumzi na inakula esanse nyingi. Yetu ni ya sponji: tunaiosha kwa sabuni, inakauka kivulini, tunaipaka mafuta kidogo. Na esanse ya kwenye chupa tunaiacha itulie kwanza. Maji yakiwamo, yanakaa chini, mtayaona kama mstari. Tunaimimina kupitia kitambaa safi, na ile ya chini tunaiacha.

Mwisho, kofia ngumu. Ziko mbili, ya motari na ya anayebebwa. Mama mjamzito naye anavaa. Mama aliyefunga mtoto mgongoni na mwingine mbele hatumbebi mpaka apunguze mzigo.

Yote yanaandikwa katika daftari la shule: tarehe, nani alikagua, nini kilibadilishwa, kwa bei gani. Daftari hilo lilitusaidia kwa namna ambayo hatukutegemea. Mwaka huu tuliona kwamba tumebadilisha bujie mara tatu kwa miezi minne. Fundi akasoma, akasema, "Hapa ugonjwa si bujie, ni segima za pistoni zimechoka." Tukatengeneza kitu kimoja badala ya kuendelea kununua bujie.

Sasa, feza. Feza ya jioni inapofika, haigawanywi kama zamani. Kuna bahasha tatu. Ya kwanza ni ya pikipiki: mafuta, freni, pine, fundi. Ya pili ni ya makaratasi: asiransi, vinyeti, kontrole, na permi ya motari. Ya tatu ni yetu. Bahasha mbili za kwanza zinajazwa kwanza. Kila juma tunaweka franga 15 000 katika ya kwanza na franga 10 000 katika ya pili, juma zuri na juma baya. Kama hazikutosha, sisi wenyewe tunaongeza. Motari akisema kitu kimechoka, Mama Kesiye anafungua bahasha siku ileile, bila mkutano. Hatutaki tena mtoto wa mtu amwambie mama 12 kwamba freni imekwisha, na mama 12 wamjibu kwamba avumilie. Yeye hakuwa na kosa. Tulimrudisha kazini, na tulimwomba msamaha mbele ya mama yake mzazi.

Basi, kwa swali lenu: okazio ao mpya? Jibu letu ni kwamba okazio si kosa. Yetu bado inatembea, na juma lililopita usiku ilimfikisha mwenzetu hospitalini, akajifungua salama mtoto wa kike. Lakini msihesabu bei ya kununua peke yake. Kama mna dola 450, msitafute pikipiki ya dola 450. Tafuteni ya 300, na 150 ibaki ya kugeuza karte roze, asiransi, freni mpya na pine. Kama hamwezi kuacha kitu pembeni, bado hamjaweza kununua. Endeleeni na likelemba, ngojeni mavuno mengine. Haraka haraka haina baraka, na sisi tumelipia somo hilo.

Yule mtoto sasa yuko darasa la tano. Fimbo aliiacha zamani. Kuna siku za mvua anachechemea kidogo, na akipita mbele ya mwembe wetu siku ya posho, anasimama kutazama mama wawili wanasukuma pikipiki na kukanyaga freni. Juma moja alituuliza: "Inashika?"

Tukamwambia: "Inashika. Njoo ujaribu." Akakanyaga mwenyewe, kwa mguu uleule.

Ni sisi, wamama wenzenu wa Kasongo.